Somo: Kulipanga Jiko la Nyumbani kwa Ajili ya Milo ya Mimea Pekee

Ndugu wanachama, somo hili nimelichelewesha kwa sababu nilitaka kwanza nirekebishe makosa yangu mwenyewe. Nilipoanza kuipikia familia yangu vyakula vya mimea pekee, yaani pasipo nyama, samaki, maziwa, mayai wala asali, tayari nilikuwa mpenzi mkubwa wa mapambo ya nyumba, na jambo la kwanza nililolifanya halikuwa kujifunza kupika maharage bali kununua mitungi ya kioo. Niliipanga kumi na miwili kwenye rafu ya wazi, mkabala na dirisha, ikapendeza kweli kweli: maharage mekundu, adesi za rangi ya chungwa, lozi, ufuta, na mafuta ya mbegu za kitani katika chupa isiyo na rangi. Baada ya miezi michache mafuta yalinuka kama rangi ya kupakia mbao, lozi zikawa chungu, na maharage yaliyokaa karibu na joto la jiko yakachemka saa tatu bila kuiva. Jiko lilikuwa zuri kwa kutazama na baya kwa kupikia.

Tangu siku hiyo napanga rafu kwa kufuata chakula, na si chakula kwa kufuata rafu. Hatua zinazofuata zote zimetoka hapo. Ieleweke pia kwamba majina hutofautiana kutoka kwa mzungumzaji mmoja hadi mwingine: ninaposema adesi namaanisha zile bapa zenye umbo la sarafu, na ninaposema dengu namaanisha zile za duara zenye kijincha.

HATUA YA KWANZA: Jua kazi inafanyika wapi

Mpishi wa vyakula vya mimea huchambua, huosha, huloweka, humenya na hukatakata kwa muda mrefu kuliko anavyokaa mbele ya moto. Kwa hiyo sehemu yenye thamani kubwa jikoni mwake ni ile iliyo kati ya sinki na jiko, na ningependa iwe wazi kwa upana usiopungua sentimita 90, pasipo kikapu cha mkate, birika wala ua la chungu, hata kama ua hilo ni zuri namna gani. Kimo cha meza ya kazi kipimwe kwa mwili wa mpishi: simama wima, kunja kiwiko, kisha shuka sentimita 10 hadi 15. Meza ikiwa chini ya hapo, mgongo utakudai kila unapokata kabichi.

Wasanifu wa majiko wamezoea kanuni ya pembetatu, iliyoenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, katika miaka ya 1940, inayounganisha sinki, jiko na friji, kila upande ukiwa na mita 1.2 hadi 2.7 na jumla isizidi takriban mita 8. Naiheshimu kanuni hiyo, ila kwetu sisi naibadilisha pembe moja. Kwa kuwa chakula chetu kingi ni kikavu, pembe ya tatu iwe kabati la vyakula vikavu, na friji inaweza kusogezwa pembeni kidogo bila hasara.

HATUA YA PILI: Amua nini kionekane na nini kifichwe

Chakula kisichoonekana husahaulika, na kilichosahaulika hakipikwi. Hata hivyo, si kila chakula kinavumilia kuonyeshwa, kwa sababu mwanga, joto na hewa huharibu mafuta, na karanga, lozi, ufuta na mbegu za kitani ni mafuta yaliyovaa maganda. Mimi hugawa hivi: mchele, tambi na jamii ya mikunde tunayoimaliza ndani ya wiki mbili au tatu hukaa kwenye mitungi ya kioo, usawa wa macho, ukuta usiopigwa na jua. Akiba ya mikunde hukaa gizani, mahali pakavu na pa baridi, kwani maharage yaliyohifadhiwa kwa muda mrefu penye joto na unyevu hupata ugumu ambao hata kulowekwa hakuuondoi kabisa. Mbegu na lozi ziende kwenye friji. Viungo vya unga viwe ndani ya droo karibu na jiko, lakini si juu ya jiko, ambako mvuke huvigandisha na joto huvimaliza harufu.

Wazo hili si geni. Mwaka 1926 msanifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko la Frankfurt, yaani chumba cha kupikia cha nyumba za mji huo wa Ujerumani, lenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 hivi, ambalo lilijengwa katika nyumba zipatazo 10,000. Ndani yake aliweka safu za vidroo vya alumini vyenye majina ya vyakula vikavu, kila kimoja kikiwa na mdomo wa kumiminia, na droo ya unga aliifanya ya mti wa mwaloni ili kuzuia wadudu. Kila nikiitazama picha ya vidroo vile naona kwamba uzuri wake umetokana na mtu aliyejiuliza kwanza mchele unamiminwaje.

HATUA YA TATU: Sufuria moja ya maharage, mwanzo hadi mwisho

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa anayeiweza sufuria hii ameshaweza nusu ya mapishi ya wiki.

Jioni nachambua vikombe viwili vya maharage mekundu juu ya sinia jeupe, ambako kijiwe hakina pa kujificha. Nayaosha, kisha nayaloweka katika lita mbili za maji yenye vijiko viwili vya chakula vya chumvi. Wengi huamini kwamba chumvi huyafanya maharage yawe magumu, na kumbe ni kinyume chake: sodiamu iliyomo kwenye chumvi huchukua nafasi ya sehemu ya madini ya kalsiamu na magnesi yaliyokaza ganda, ganda likalainika na maharage yasipasuke ovyo. Yanayokaidisha maharage ni asidi, kama ya nyanya, siki na limau, pamoja na maji yenye chokaa nyingi. Kwa maji ya namna hiyo, robo kijiko cha chai cha magadi soda husaidia; ukizidisha, maharage yatakuwa uji wenye ladha ya sabuni.

Asubuhi maji ya kulowekea nayamwaga, nasuuza, natia maji mapya yazidi maharage kwa kimo cha vidole vitatu, kisha nawasha moto mkali. Katika hili sikubali mzaha. Maharage mekundu mabichi yana lektini, sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha, na punje nne au tano zisizoiva zinatosha kumdhuru mtu. Sumu hiyo huvunjwa na mchemko halisi: dakika 10 za kutokota kwa nguvu ndicho kiwango cha chini, nami huzifikisha 30 kabla ya kupunguza moto. Vyungu vya umeme vinavyopika polepole huenda visifikie mchemko huo, kwa hiyo usiyatie humo maharage mekundu ambayo hayajachemshwa kwanza.

Yakiendelea kuiva, nakaanga vitunguu viwili kwa moto mdogo, dakika 20 au zaidi, mpaka viwe kahawia. Naongeza kitunguu saumu, kisha nyanya ya kopo iliyokolea, nikiikoroga mpaka rangi yake nyekundu iingie weusi kidogo na mafuta yaanze kujitenga. Maharage yakishabonyea kati ya vidole viwili bila kiini kigumu, ndipo yanapokutana na nyanya, na si kabla. Upawa mmoja wa maharage nauponda kwa mwiko ukutani mwa sufuria ili mchuzi uwe mzito pasipo krimu. Mboga za majani huingia dakika tatu za mwisho, na limau hukamuliwa moto ukiwa umezimwa, kwa sababu asidi huinyang'anya klorofili, yaani rangi ya kijani ya majani, magnesi yake na kijani kibichi kikageuka rangi ya majani makavu.

Vikombe viwili vikavu hutoa vitano au sita vilivyoiva. Siku ya kwanza tunakula na wali. Siku ya pili yaliyobaki hupondwa na kuwa katlesi za kukaanga, zikishikanishwa na kijiko kimoja cha unga wa mbegu za kitani kilicholowekwa dakika 10 katika vijiko vitatu vya maji.

HATUA YA NNE: Taa, na rangi ya sahani

Mboga za majani chini ya taa mbaya huonekana kama zimekufa, na mtoto hali kitu kilichokufa. Juu ya meza ya kulia tumia balbu yenye mwanga wa rangi ya joto, wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hadi 3000, na angalia kwenye boksi kiwango cha uhalisia wa rangi, kinachoandikwa Ra au CRI, kiwe 90 au zaidi. Mahali pa kukatia paongezwe taa chini ya kabati, upande wa mbele, ili kivuli cha kichwa chako kisiangukie kisu. Kuhusu sahani, mchuzi wa kahawia katika bakuli la kahawia hupotea. Nilipobadili nikatumia nyeupe isiyong'aa, chakula kilekile kilisifiwa.

HATUA YA TANO: Vitamini B12

Hatua hii ni fupi lakini haijadiliwi. Mimea haitupi vitamini B12 ya kutegemewa, na mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 2.4 kwa siku, kwa hiyo familia isiyokula kabisa vyakula vya wanyama itumie vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo, kipimo kipangwe na mtaalamu wa afya. Chupa ya vidonge iweke pale mnapoweka vikombe vya asubuhi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo dada. Nimepanga chumba chenye jiko dogo sana na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Hiyo nafasi ya sentimita 90 nitaipata wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Ipate juu ya sinki. Chonga ubao mnene unaozidi sinki kwa sentimita tatu kila upande, na unapokata uwe meza. Ongeza kitoroli chembamba chenye magurudumu kiwe kabati lako la vyakula vikavu. Ukihama, unahama nacho. Rafu za kusimama zisizohitaji misumari pia zipo, ila zile ndefu ziegemeze pembeni pasipopitiwa na watoto.

Swali: Mwalimu, nimejaribu maharage siku nne mfululizo na familia nzima imevimbiwa. Mume wangu amegoma. Nifanyeje?

Jibu: Pole, na mpe pole shemeji. Siku nne mfululizo kwa tumbo lisilozoea ni nyingi. Gesi hiyo husababishwa na aina za sukari ambazo utumbo mwembamba haumeng'enyi, na bakteria wa utumbo mpana huzichachusha. Sehemu yake huyeyuka katika maji ya kulowekea, ndiyo maana nasisitiza yamwagwe. Rudi nyuma: anza na adesi nyekundu zilizokobolewa, ambazo huiva kwa dakika 20 bila kulowekwa, nusu kikombe kwa kila mtu, mara mbili au tatu kwa wiki. Tofu, yaani jibini la soya, nayo ni nyepesi kwa wengi. Ongeza polepole mwezi mzima.

Swali: Kwangu watoto wanakula mimea pekee lakini baba yao na mimi tunakula nyama. Je, nipike sufuria mbili kila siku?

Jibu: Hapana, mama, utachoka ndani ya wiki moja. Pika msingi mmoja wa mimea, kwa mfano ule wa vitunguu na nyanya pamoja na dengu, na nyama ipikwe kando kama nyongeza ya anayeitaka. Tenga ubao wa nyama na kisu chake, kwa usafi na kwa heshima ya watoto. Kwa walio chini ya miaka mitano, lozi na karanga nzima zinaweza kuwakaba, hivyo zisage au uzipake kwenye mkate. Na chai isisindikize mlo, kwa sababu hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa kutoka kwenye mimea, ilhali limau na matunda yenye vitamini C huyaongeza.

Swali: Je, rafu za wazi unazipendekeza au huzipendekezi? Nimesoma mara mbili sijaelewa msimamo wako.

Jibu: Nazipenda, na ninayo moja tu. Mvuke wa kukaanga hubeba mafuta, mafuta hushika vumbi, na kisicholetwa chini kila wiki hupata utando wa kunata. Kwa hiyo rafu ya wazi iwe ya vitu vya kila siku tu, mbali na jiko kwa zaidi ya mita moja. Rafu nyingine ziwe na milango.

Swali: Dada, nimeweka kaunta ya marumaru nyeupe wiki iliyopita, na jana nimemwaga mchuzi wenye bizari ya manjano na limau. Kuna doa la njano na sehemu nyingine imepoteza mng'ao. Nimesugua mpaka nimekata tamaa.

Jibu: Acha kusugua, kaka yangu. Hayo ni madhara mawili tofauti. Sehemu iliyopoteza mng'ao imelika kwa asidi ya limau, maana marumaru ni kalsiamu kaboneti, na sabuni haitairudisha. Fundi wa mawe ndiye atakayeipiga msasa upya. Doa la njano lina matumaini zaidi, kwa sababu rangi ya manjano hufifia kwenye jua. Paka uji mzito wa magadi soda na maji, funika kwa plastiki usiku kucha, futa, kisha fungua mapazia jua lipige hapo siku mbili tatu. Ubao wangu wa kukatia huwa nauanika dirishani vivyo hivyo. Kuanzia sasa, limau likatwe juu ya ubao, na ubao uwe na mfereji wa kuzuia maji yake.