Mbwa akizeeka, mkague kwa mikono yako

Tausi, mbwa wangu jike, alilinda kihamba chetu, shamba la nyumbani, hapa Kibosho, Kilimanjaro, miaka tisa. Wiki chache baada ya kipindi chake cha kutaka dume kuisha alianza kunywa maji kupita kawaida. Beseni nililojaza asubuhi lilikuwa kavu kufikia saa nane. Nikasema ni jua la Februari. Alipokataa hata utumbo, chakula alichokipenda kuliko vyote, ndipo nikampigia daktari wa mifugo. Alimshika tumbo tu akajua: mji wa mimba umejaa usaha. Alipasuliwa usiku huohuo, na alfajiri akafa.

Mbwa huficha maumivu. Atabweka getini na atakufuata migombani huku ndani anaumia. Kwa hiyo Simba, mbwa wangu mwingine, ambaye sasa ana miaka kumi na mmoja, namkagua kila Jumapili nikitoka kanisani. Mbwa mwenye umbo kubwa anza kumkagua hivyo akifika miaka saba. Mwenye umbo dogo anaweza kusubiri kidogo.

Naanza na maji. Pima unayomwekea kwa chupa ya lita moja, na kesho yake pima yaliyobaki. Mbwa wa kilo 25 akimaliza zaidi ya lita mbili na nusu kwa siku, mpeleke kwa daktari: inaweza kuwa figo, kisukari, au kwa jike ambaye hajafungwa kizazi, kile kilichomuua Tausi. Uzito wake utaupata kwa kupanda naye kwenye mzani, kisha upande peke yako na utoe. Akikonda na huku anakula vizuri, hilo nalo ni la daktari.

Kisha inua mdomo wa juu utazame fizi. Ziwe za waridi. Bonyeza kwa kidole, paache pawe peupe, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Kama fizi zake ni nyeusi kwa asili, vuta chini kope ya chini utazame ndani. Weupe huenda ni upungufu wa damu, na huku kwetu mara nyingi chanzo ni kupe. Unjano ni dalili mbaya, usingoje kesho. Lakini mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayedondosha mate na kushindwa kumeza, usimtie mkono mdomoni kabisa. Huenda ni kichaa cha mbwa.

Miguu itazame alfajiri, hasa Julai mlima ukifunikwa na mawingu na baridi ikishuka. Akiinuka kwa shida na kuchechemea hatua za kwanza, viungo vinamuuma. Mwinue kutoka kwenye saruji, mtandikie magunia juu ya mbao. Nawasihi sana, msimpe panadol, diclofenac wala ibuprofen. Jirani yangu alimpa mbwa wake diclofenac kwa huruma, mbwa akatapika damu siku mbili.

Mpapase mwili mzima, na jike umpapase kila chuchu kuanzia kifuani hadi kwenye mapaja. Uvimbe wa ukubwa wa punje ya mahindi ndio wa kupeleka. Ukingoja ufike ukubwa wa embe, kazi inakuwa kubwa na matumaini madogo.

Macho yakiwa na ukungu wa samawati kidogo na bado anaona, ni uzee tu. Yakiwa meupe na anajigonga kwenye vigogo, huenda ni mtoto wa jicho.

Usiku akiwa amelala fofofo, hesabu pumzi zake dakika nzima. Zikizidi 30 usiku hadi usiku, au akikohoa akilala, moyo wake uchunguzwe.

Yapo ya kukimbia saa hiyohiyo: tumbo kujaa ghafla huku anajaribu kutapika na hakitoki kitu, kushindwa kukojoa, kuanguka. Barabara yetu ikinyesha haipitiki vizuri, kwa hiyo nimeshaongea na kijana wa bajaji. Namba yake na ya daktari nimeziandika kwa chokaa nyuma ya mlango wa jikoni, na turubai la kumbebea Simba linaning'inia hapohapo.