Somo: Namna ya kuomba rekodi za serikali nchini Kenya

Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila raia wa Kenya haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 ndiyo inayoeleza jinsi haki hiyo inavyodaiwa. Kwa maoni yangu, kazi kubwa ni kuitaja rekodi kwa namna itakayomwezesha karani kuinuka na kuliendea faili lenyewe bila kukisia.

Hatua ya kwanza ni kuitambua rekodi. Barua yangu ya kwanza iliomba “taarifa zote kuhusu ukarabati wa zahanati yetu”. Nilijibiwa kwa adabu kwamba nifafanue, na majuma matatu yakawa yamepotea. Ya pili niliiandika hivi: “Naomba nakala za mkataba wa ukarabati wa zahanati, orodha ya kazi na gharama zake, na hati za malipo aliyolipwa mwanakandarasi kati ya Julai 2021 na Juni 2022.” Miezi hiyo ndiyo mwaka wa fedha wa serikali, nao wahasibu hupanga majalada yao kwa kuufuata.

Hatua ya pili ni barua yenyewe, ambayo yaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza na kuelekezwa kwa afisa wa upatikanaji wa habari. Hulazimiki kueleza sababu ya ombi lako, hata ukiulizwa. Asiyejua kuandika husaidiwa na afisa huyo, ambaye huliandika ombi na kumpa nakala.

Hatua ya tatu ndiyo wengi huipuuza: peleka nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ofisi ina siku 21 za kujibu, au saa 48 iwapo habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, na inaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu kwa ombi lenye rekodi nyingi. Muda ukipita kimya, sheria inahesabu kuwa umekataliwa, nawe una siku 30 za kuomba Ofisi ya Ombudsman, yaani tume inayosikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma, ipitie uamuzi huo. Bila muhuri, utathibitishaje siku ya kwanza?

Maswali ya wanachama

Mwalimu, nimetakiwa kulipa ada ndipo barua yangu ipokelewe. Je, ni halali?
Si halali. Kinachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kunakili na kukufikishia nakala, baada ya ombi kukubaliwa.

Naweza kuomba rekodi za matibabu za jirani yangu?
Hapana, kwa kuwa sheria inaruhusu kunyimwa habari inayoingilia faragha ya mtu bila sababu ya haki. Zako mwenyewe unaweza kuziomba bila malipo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na zikiwa na makosa uombe zisahihishwe.

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Mombasa. Nami nina haki hizi?
Ile ya Ibara ya 35 ni ya raia wa Kenya pekee, kwa hiyo mkataba wa zahanati utamhitaji rafiki Mkenya auombe kwa jina lake. Data zako binafsi ni jambo jingine: hizo waweza kuziomba mwenyewe, maana Sheria ya Ulinzi wa Data haibagui kwa uraia.