Kuitazama Bendi Kongwe ya Hadikoo Mjini Minneapolis

Anayekwenda kuitazama bendi kongwe ya hadikoo, yaani ule mkondo wa punki wa nyimbo fupi zenye kasi ulioibuka Marekani kuelekea mwaka 1980, anapaswa kujua kwanza kwamba shughuli yenyewe haidumu. Hüsker Dü, vijana wa Minnesota, waliporekodi albamu yao ya kwanza mbele ya watazamaji mjini Minneapolis tarehe 15 Agosti 1981, nyimbo 17 zilikwisha kwa dakika 26 na ushei. Wakongwe wa leo hawajapunguza mwendo kwa kiasi cha kukupa nafasi ya kuchelewa. Kwa sisi tuliolelewa na muziki wa dansi, ambao sebene lake pekee huweza kuchukua dakika kadhaa, hili linahitaji kuzoewa.

Chumba walichorekodia, 7th St Entry, kingali kinatumika, na kimo katika jengo moja na ukumbi wa First Avenue, ambalo zamani lilikuwa stendi ya mabasi ya Greyhound. Chumba hicho huchukua watu 250 hivi, ilhali ukumbi mkubwa huchukua zaidi ya 1,500, kwa hiyo isome tiketi yako uone unakwenda upi. Katika kile kidogo hata aliye nyuma kabisa humwona mpiga dramu akijifuta jasho. Tiketi huonyesha saa mbili tofauti, ya kufunguliwa milango na ya kuanza muziki. Nakushauri uifuate ile ya kwanza, kwa kuwa bendi za utangulizi mara nyingi ni za vijana wa mjini hapo, na baadhi yao huwazidi wakongwe kwa nguvu. Chukua kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa. Wenye umri mdogo huenda wakachorwa herufi X nyuma ya kiganja ili wasiuziwe pombe, alama ambayo baadaye wapenzi wa muziki huu wasiokunywa waliifanya yao kwa hiari.

Suala la mahali pa kusimama ndilo linaloamua usiku wako utakavyokuwa. Mbele ya jukwaa watu hurudi nyuma na kuacha duara, ambamo wanaotaka kusukumana husukumana na kukimbia wakizunguka. Mgeni hudhani ni ugomvi, lakini anayeanguka huinuliwa papo hapo na walio karibu, na wewe pia utatarajiwa kufanya hivyo. Anayeumia zaidi, kwa nilivyoona, ni yule wa ukingoni, ambaye macho yake yako jukwaani na hamwoni anayemjia kwa ubavuni. Basi ama ingia, ama rudi nyuma hadi karibu na meza ya fundi mitambo, ambako sauti hutulia vizuri kwa sababu ndiko anakoipimia. Niliwahi kuvuliwa kiatu katika wimbo wa tatu. Kabla sijainama kukitafuta, kosa ambalo lingenigharimu vidole, nilikiona kimeinuliwa juu ya vichwa na mkono wa mtu nisiyemjua, kikisubiri mwenyewe. Tangu hapo kamba zangu nazifunga mafundo mawili, na miwani naiacha nyumbani.

Vizibo vya masikio si dalili ya uoga. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya ya wafanyakazi, inapendekeza mtu asikae kwenye sauti ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na muda huo hupungua kwa nusu kila zinapoongezeka desibeli 3. Maana yake, kwenye desibeli 100, ambazo si ajabu mbele ya spika, posho yako ya siku ni dakika 15 tu. Vitie kabla ya muziki kuanza, maana kuvitia katikati ya vurugu kwa vidole vyenye jasho ni kazi bure.

Fulana inunue mapema, kabla saizi yako haijaisha, kisha uiweke pamoja na koti mahali pa kutunzia mizigo. Wakati wa baridi utatoka ukiwa umelowa chapachapa kwenye hewa iliyo chini ya sifuri, na kituo cha treni, ingawa kipo jirani, hakina joto la kutosha kumkausha mtu. Badilisha ukiwa bado ndani.