Somo la Sanaa, Kidato cha Kwanza: Mwanafunzi Anatakiwa Afanye Nini

Wanafunzi wengi huingia darasa la sanaa wakiwa wameshajihukumu: huyu ana kipaji, mimi sina. Muhula wa kwanza haupimi kipaji. Unapima kama macho yako yanakubali kutulia juu ya kitu kimoja kwa muda mrefu, na hilo kila mtu hujifunza kwa kulifanya mara nyingi.

Vifaa havihitaji kuwa vingi. Nunua penseli tatu: HB ya mistari ya mwanzo, 2B ya kazi ya kawaida, 6B ya sehemu zenye giza. Ukitafuta weusi kwa HB peke yake utaikandamiza mpaka karatasi ichimbike, na palipochimbika hapafutiki. Penseli laini, yaani 2B na 6B, huchongwa vizuri kwa wembe, kiini kikitokeza kama sentimita 1. Wembe wenyewe hukaa kwa mwalimu na hutumika darasani tu. Penseli isianguke sakafuni. Kiini huvunjika ndani kwa ndani, kisha kila ukichonga ncha inachomoka.

Daftari la michoro liwe la A4 lisilo na mistari. Likikosekana dukani, chukua karatasi 10 za A3, zikunje katikati tano tano, uzishone kwa uzi mnene: umepata kurasa 40, zinazotosha muhula mzima. Kila wiki tunatarajia michoro miwili ya nyumbani au bwenini, yenye tarehe pembeni. Chora ndala, kibuyu, jiko la makaa, ndoo iliyopasuka mdomo. Usichane ukurasa uliokosea, maana mwalimu anautumia kuona ulikwama wapi.

Michoro iliyonakiliwa kutoka kwenye simu haipokelewi. Picha ya simu imeshakufanyia kazi yote: imechagua pembe ya kutazamia, imekilaza kitu chenye unene juu ya kioo bapa, nawe unabaki kufuata mistari. Mchoraji Elimo Njau alipochora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa kule Murang'a, Kenya, aliyaweka katika mandhari ya hapo hapo. Macho yako nayo yaanze na vilivyo karibu nawe.

Darasani, kazi ya kwanza huwa ni vitu vitatu vilivyopangwa mezani, tuseme sufuria, kikombe na ndizi, na mwanga ukitoka upande mmoja tu. Katika vipindi viwili mfululizo, jumla dakika 80, tumia dakika 5 za mwanzo kutazama bila kugusa penseli. Kisha pima. Nyoosha mkono kabisa, funga jicho moja, linganisha ncha ya penseli na ukingo wa juu wa sufuria, na uweke kidole gumba penye ukingo wa chini. Kipimo hicho kinaingia mara ngapi katika upana? Kiwiko kikikunjwa hata kidogo kipimo kinabadilika, na hiyo ndiyo sababu sufuria nyingi za wanaoanza huwa ndefu kuliko zilivyo. Ukihamisha kiti vilevile, anza upya, kwa kuwa sasa unatazama kitu kingine.

Mdomo wa sufuria ndio unaotesa wengi. Ukiutazama kutoka juu kidogo ni duaradufu, yaani duara lililobanwa, na duaradufu haina ncha kali pembeni. Inapinda taratibu mpaka mwisho. Kosa la pili ni kuchora kitako kikiwa mstari ulionyooka kwa sababu unajua kimekaa juu ya meza bapa. Kitako kiko chini zaidi ya usawa wa macho kuliko mdomo, kwa hiyo mpindo wake unaonekana mviringo zaidi. Chora unachokiona, unachokijua kiache pembeni.

Kabla ya kutia kivuli, tengeneza ngazi ya visanduku 5, kila kimoja sentimita 3, kuanzia weupe wa karatasi hadi giza la 6B. Halafu finya macho: vitu vidogo vidogo vitapotea, yatabaki mafungu ya mwanga na giza. Usisugue kwa kidole. Mafuta ya ngozi huacha madoa ya kijivu yasiyofutika. Na usizungushe mstari mweusi kuzunguka kila kitu, maana ukingo ulio upande wa mwanga mara nyingi karibu haupo.

Rangi huja baadaye: nyekundu, njano, buluu, na nyeupe. Ukitaka kijani, anza na njano kisha ongeza buluu kwa ncha ya brashi. Ukianza na buluu utamaliza chupa ya njano ukiikimbiza. Rangi ya posta, yaani rangi ya maji ya kuchorea mabango, iwe nzito kama maziwa ya mgando. Weka makopo mawili, moja la kuoshea brashi, jingine la maji safi. Kwa kopo moja, rangi zote huishia kuwa kama tope.

Kazi zikibandikwa ukutani, kila mmoja atasema neno juu ya kazi ya mwenzake. "Nzuri" halimsaidii mtu. Sema kivuli cha kikombe kinaelekea kwenye mwanga badala ya kuukimbia, naye ataondoka na kitu cha kurekebisha. Kazi isiyomalizika lakini iliyopimwa vizuri hupata alama zaidi kuliko iliyopambwa kwa kubahatisha.

Dakika 10 za mwisho ni za usafi, na hazijadiliwi. Brashi huoshwa kwa maji baridi na sabuni mpaka povu litoke jeupe, nywele zinyooshwe kwa vidole, kisha ilazwe ikauke. Ikisimamishwa ndani ya kopo juu ya nywele zake usiku mmoja tu, asubuhi ncha imepinda, na darasa la watu 40 halina brashi za kupoteza.