Mwaka wa sekondari Ufaransa: anza na meza ya chakula

Wiki ya kwanza nililala njaa, na kosa lilikuwa langu. Mama mwenyeji aliinua bakuli la viazi akaniuliza, "Tu en veux encore ?" Nami kwa adabu zangu zote nikajibu "Merci", yaani asante, huku nikisogeza sahani. Bakuli likarudi katikati ya meza. Siku ya nne ndipo mtoto wao mdogo, wa miaka tisa, aliponifumbua macho: Mfaransa akikuongezea chakula ukamjibu "merci" tupu, umekataa. Ukitaka, sema "oui, je veux bien". Kesho yake nikala hasa, nikafuta mdomo na kutangaza "je suis pleine", nikidhani nimesema nimeshiba. Kimya. Halafu kicheko kilichomtoa baba machozi. Neno hilo husemwa kwa ng'ombe mwenye mimba, au kwa mtu aliyelewa. Aliyeshiba husema "j'ai bien mangé", basi.

Nimeanza na meza kwa makusudi. Wanaoniuliza kuhusu mwaka wangu wa kubadilishana huulizia viza, nauli, na kama walimu ni wakali. Nitafika huko. Lakini Kifaransa changu chote cha maana nilikipata kati ya saa moja na nusu jioni na saa tatu usiku, nikiwa nimekaa na familia, mkate ukiwa umewekwa moja kwa moja juu ya kitambaa cha meza na jibini ikisubiri zamu yake kabla ya kitamutamu. Anayekimbilia chumbani na simu baada ya kula hujifunza Kifaransa cha darasani peke yake, na hicho hakimtoshi hata kuulizia taulo.

Kabla ya kuondoka

Mashirika yanayojulikana zaidi kwa kupeleka wanafunzi wa kubadilishana ni AFS, Rotary na YFU. Hayafanani. AFS ilianzia kwa madereva wa magari ya wagonjwa wa vita mwaka 1915, na tangu 1947 inapeleka wanafunzi wa sekondari nje; familia zake zinazopokea wageni hujitolea, hazilipwi. Rotary huchukua vijana wa miaka 15 hadi 19, na mara nyingi hukuhamisha familia mbili au tatu ndani ya mwaka mmoja. Wapo wanaopenda hilo. Mimi ningechanganyikiwa.

Usiweke moyo kwenye Paris. Wengi wetu tulitua miji midogo. Mimi nilipata mji wenye kanisa, duka la mikate na duara la magari, upande wa magharibi wa Bretagne, mkoa wa kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, si mbali na mji wa Quimper. Nilinuna siku mbili. Baadaye nikaelewa kwamba mji mdogo una faida moja kubwa: hakuna wa kuzungumza naye lugha yako, na mwuza mikate anakukumbuka jina.

Kuhusu karatasi, anza miezi minne au mitano kabla. Maombi ya viza huanzia kwenye tovuti ya serikali ya France-Visas, na aina unayotaka ni viza ya muda mrefu ya mtoto anayesoma. Utadaiwa barua ya shule iliyokupokea, barua ya familia mwenyeji, idhini ya wazazi, bima, na uthibitisho wa nani atakugharamia. Beba pia kadi ya chanjo, maana shule itaiulizia. Aliye chini ya miaka 18 hahitaji kibali cha ukaazi akiwa Ufaransa. Kama utatimiza 18 katikati ya mwaka, lizungumze hilo na shirika lako kabla hujapanda ndege, si siku ya keki. Na shule yako ya nyumbani ikuandikie kama mwaka huo utahesabiwa au utarudia darasa. Maneno ya mdomo ya mwalimu mkuu husahaulika, na mwalimu mkuu mwenyewe huhamishwa.

Kwa upande wa lugha nitasema jambo litakalowaudhi walimu: acha kwanza majedwali ya vitenzi. Nilifika najua "passé simple" kwa moyo, wakati wa kitenzi ambao hakuna mtu hai anautumia akiongea, lakini sijui kitambaa cha kukaushia vyombo kinaitwaje. Kinaitwa "torchon". Jifunze sinki, droo, sponji, pipa la taka, shuka, chaja. Jifunze kwamba "nous" (sisi) imekufa mdomoni na badala yake wanasema "on", na kwamba "je ne sais pas" (sijui) inatoka kama "chépa". Sisi tumezoea lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa. Kifaransa hula mikia ya maneno. Kisha fanya zoezi la "u" na "ou" mbele ya kioo, midomo ikiwa imechongoka, mpaka "dessus" na "dessous" ziachane. Moja ni juu, nyingine ni chini, na nilishatafuta ufunguo chini ya kabati robo saa nzima.

Saa nazo zina mtego wake. Rafiki aliniandikia tukutane Jumamosi stesheni "à 2 heures". Deux, mbili; nikafika saa mbili asubuhi. Yeye alimaanisha saa nane mchana. Nilikaa kwenye benchi la chuma, mvua ya rasharasha ikinyesha, nikiwa nimewahi kwa saa sita. Dawa yake ni hesabu: chukua saa yao (ikiwa sita au pungufu, ongeza kwanza kumi na mbili), toa sita, ikibaki zaidi ya kumi na mbili, toa tena kumi na mbili. Seize heures ni saa kumi jioni. Vingt heures ni saa mbili usiku.

Nyumbani

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wafaransa hawatakupa jembe, lichukue mwenyewe. Usiulize kila siku "nikusaidie?", kwa sababu watasema hapana kwa upole, halafu baada ya mwezi watalalamika kwa mratibu wa shirika lako kwamba unajifungia. Tazama nani anapanga meza, kesho yake panga wewe. Mimi nilijitwalia kupanga vyombo kwenye mashine ya kuoshea. Baba wa nyumba alikuwa na imani yake kuhusu mahali pa visu, akanirekebisha kila jioni kwa wiki mbili, na mabishano hayo ya visu ndiyo mazungumzo yangu marefu ya kwanza kwa Kifaransa.

Mambo ya chakula yaseme mapema na kwa majina. Mimi ni Mwislamu, na Bretagne ndiko kunakofugwa zaidi ya nusu ya nguruwe wa Ufaransa. Nilisema sili nguruwe. Wakaitikia vizuri kabisa. Jioni ya tatu ikaja "quiche", pai ya mayai, yenye vipande vidogo vya rangi ya waridi: nyama ya nguruwe. Hawakunidharau. Kwao vile ni kiungo, kama sisi tunavyosema chumvi. Kwa hiyo taja orodha: "ni porc, ni jambon, ni lardons", yaani wala nguruwe, wala paja lake, wala vile vipande vidogo. Ukienda kula galette, ile chapati nyembamba ya unga wa ngano nyeusi, "complète" huja na "jambon", yai na jibini. Agiza "sans jambon" na hakuna atakayeshangaa.

Mambo yakikwama nyumbani, kukwama kweli, mwambie mratibu wako wiki ileile. Kubadilisha familia si aibu, hutokea. Na kama kuna jambo linalokutia hofu, 119 ni namba ya bure ya watoto walio hatarini, usiku na mchana. 112 ni ya dharura zote.

Shuleni

Madarasa yao yanahesabiwa kinyumenyume. "Lycée", sekondari ya juu, ina miaka mitatu: "seconde" (ya pili), kisha "première" (ya kwanza), kisha "terminale" (ya mwisho). Shirika litataka kukuweka kulingana na umri. Ukipewa nafasi ya kusema, omba "seconde", hata kama utakuwa mkubwa kuliko wenzako kwa mwaka mmoja au miwili. Sababu ni mbili. Seconde wote wametoka shule tofauti za chini, kwa hiyo Septemba kila mtu anatafuta rafiki, si wewe peke yako. Pia wanasoma karibu kila kitu pamoja. Kuanzia première wanatawanyika kwa masomo matatu ya kuchagua, na mwisho wa mwaka wana mtihani wa Kifaransa wa "bac", mtihani wa kumaliza sekondari, wakati huo hawana muda wa kukufundisha maneno ya mitaani.

Alama huhesabiwa kwa jumla ya 20. Hili liingie kichwani kabla hujampigia mama simu ukilia. Kumi ni kufaulu, kumi na mbili ni vizuri kiasi, kumi na sita kwenye bac ni vizuri sana. Insha yangu ya kwanza ya historia ilipata 4. Mwezi wa tatu nikapata 11 na mwalimu akaandika "en progrès", yaani anaendelea vizuri, nikaibandika ukutani kama cheti.

Siku ya jaribio la kwanza wenzangu wote walifungua mifuko wakatoa karatasi kubwa iliyokunjwa katikati, yenye mistari mingi midogo na pambizo nyekundu. Mimi nikachana ukurasa wa daftari. Msichana wa kushoto, ambaye hatukuwa tumewahi kusemezana, alitazama ule ukurasa wenye meno ya waya, akatelezesha yake moja juu ya meza bila kugeuza kichwa. Inaitwa "copie double". Nunua pakiti siku ya kwanza, pamoja na kalamu ya wino na ya kufutia. Yule wa kushoto ndiye baadaye aliyenisubirisha stesheni.

Usitarajie watu wakufuate. Wiki ya kwanza wanakutazama kama kitu kipya, ya pili wanarudi kwa marafiki zao. Si chuki. Njia iliyonifaa ni kuuliza vitu vidogo vyenye jibu fupi: chumba 204 kiko wapi, leo ni wiki A au wiki B (ratiba hubadilika wiki kwa wiki), mwalimu asipokuja tunaenda wapi. Kisha nikajiunga na mpira wa mikono wa UNSS, michezo ya shule inayochezwa Jumatano mchana wakati wengi hawana vipindi. Uwanjani hakuna sarufi. Unapigiwa kelele "passe !" na unapasi.

Sasa hili, hasa kwa dada zangu. Sheria ya 2004 inakataza alama za dini zinazoonekana wazi katika shule za serikali: hijabu, kofia ya Kiyahudi, msalaba mkubwa. Mwaka 2023 abaya nayo ikaongezwa. Haihusu mtaani wala nyumbani, wala shule binafsi, ambazo hujiwekea kanuni zake. Kwa hiyo uliza kwa maandishi kabla ya kukubali nafasi. Mimi nilijua na nikakubali. Kila asubuhi nilivua mtandio kwenye kibanda cha basi, hatua chache kabla ya geti, nikaukunja mara nne na kuutia mfuko wa ndani wa koti. Desemba huko Bretagne jua halijachomoza bado saa mbili asubuhi, kipindi cha kwanza kinaanza gizani, kwa hiyo walau sikutazamwa. Sikuzoea. Kuna wenzangu ambao wangeshindwa, na ni haki yao. Ila uamuzi huo ufanywe nyumbani na wazazi, si getini mbele ya mlinzi.

Novemba

Novemba peke yake inastahili kichwa chake. Likizo ya Toussaint, Sikukuu ya Watakatifu Wote, imekwisha, mvua haiishi, lugha umeanza kuielewa kiasi cha kujua kwamba hujachekesha mtu. Hapo ndipo wengi huomba kurudi. Mimi nilikuwa nikipiga simu nyumbani kila usiku, na kila usiku nikilala vibaya zaidi. Mratibu akanishauri nipige Jumapili tu. Nilimwona katili kwa siku kumi. Jumapili ya tatu nilijikuta nina mambo ya kusimulia, na kabla ya hapo sikuwa nayo, maana jioni zangu zote zilikuwa zimekwenda kwenye simu.

Pesa sitasema mengi: chakula na malazi si juu yako, lakini vocha, nguo za baridi na safari za treni ni zako. Koti linunue hukohuko, kwenye maduka ya mitumba. Makumbusho ya taifa, Louvre ikiwemo, ni bure kwa aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo tumia umri wako kabla haujaisha.

Mwezi wa tano, jiandikishe mtihani wa DELF, unaopima Kifaransa cha wageni, kiwango cha B1 au B2 (vya kati). Cheti chake hakiishi muda, na ndicho kitakachoeleweka na chuo chochote baadaye kuliko maelezo yako kwamba uliishi kwa familia nzuri. Ripoti za mihula yote mitatu na barua ya kuthibitisha ulisoma pale, viombe ofisini vikiwa na muhuri kabla ya wiki ya kwanza ya Julai. Katikati ya Julai ofisi nyingi hufungwa hadi Agosti inapokaribia kuisha, na hakuna atakayepokea simu yako.