Kununua vitu vya kroshia visivyochafua mazingira: mwongozo wa mfumaji wa Kigoma

Mimi ni mfumaji hapa Kigoma Ujiji. Nafuma mikoba, kofia na vitambaa vya meza, na kazi za wenzangu nazinunua ili niwauzie wateja wa Tabora na Dar es Salaam. Swali ninaloulizwa sana ni hili: nitajuaje kama kitu hiki ni rafiki wa mazingira kweli?

Wauzaji wengi watakujibu kwamba ni kazi ya mkono, basi. Jibu hilo halitoshi. Mpaka leo kroshia halisi haifumwi na mashine za viwandani. Mashine hizo hufuma vitu vinavyofanana nayo, lakini kroshia yenyewe unayoikuta sokoni, kitanzi kwa kitanzi, imepita mkononi mwa mtu. Hata pochi ya plastiki tupu, ikiwa ni kroshia, ni kazi ya mkono. Unachotakiwa kujua ni mkono huo umelipwa nini na umeshika uzi gani.

Hatua ya 1: Jua kitu unakinunulia nini

Kitambaa kizuri kinacholala kabatini ni uzi uliopotea bure, hata kama ni pamba safi. Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani, taja kitu utakachoacha kukinunua kwa sababu ya hicho cha kroshia. Mfano mzuri ni mkoba wa sokoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa tukaipokea kwa mikono miwili. Mingi ya hiyo imetengenezwa kwa polipropilini, nayo ni plastiki. Ikichanika mpini inaishia mtaroni. Mkoba mmoja wa kroshia uliofumwa vizuri unabeba vitunguu, ndizi na viazi miaka na miaka.

Samaki usimbebee humo. Migebuka na dagaa wabichi watakuachia harufu kwenye pamba ambayo haitoki kirahisi, na tone la mawese halifutiki. Vitu hivyo vina ndoo zake.

Na kama unatafuta kitu cha kusugulia sufuria, usinunue cha kroshia kabisa. Otesha dodoki kwenye ua. Mimi ni mfumaji lakini hapo dodoki limetushinda.

Hatua ya 2: Ujue uzi

Hapa ndipo pesa yako inapoamuliwa, kwa hiyo usiwe na haraka.

Uzi unaoujaza zaidi mitaa yetu ni akriliki. Ni laini, una rangi kali, bei yake iko chini, na wengi wanauita sufu ingawa hakuna kondoo aliyeuona. Ni plastiki inayotokana na mafuta ya petroli. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walichapisha matokeo ya kufua nguo za aina mbalimbali kwa mashine, na wakakadiria kwamba mzigo wa kilo 6 wa akriliki unaweza kuachia vinyuzi zaidi ya 700,000 kwa kufuliwa mara moja. Kwetu wengi tunafulia kwenye beseni, lakini vinyuzi vinatoka vilevile na maji tunayamwaga.

Sisi wa Kigoma jambo hili linatugusa kwa karibu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Baikal, na mto unaotoa maji yake nje ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi huondoka kwa kuvukizwa na jua. Plastiki haivukizwi. Inabaki na samaki tunaowala.

Pamba ni bora zaidi, ila nayo isisifiwe kupita kiasi. Zao lenyewe hunyunyiziwa dawa nyingi mahali pengi duniani. Hapa kwetu inalimwa na wakulima wadogo kwa maji ya mvua, pamoja na ya Igunga na Nzega mkoani Tabora, na huko Meatu, Simiyu, kuna wanaolima pamba hai isiyotumia dawa za viwandani. Kinachonisikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii huuzwa nje ikiwa marobota, halafu sisi dukani tunauziwa uzi uliovuka bahari. Kwa hiyo ukiona uzi wa pamba uliosokotwa nchini, uchague huo.

Uzi unaoitwa wa mianzi unapendwa siku hizi kwa sababu jina lake linasikika la kijani. Mwingi wake ni viskosi: massa ya mmea yaliyoyeyushwa kwa soda kali na disulfidi ya kaboni, kemikali inayowadhuru wafanyakazi wa kiwandani. Mimi siununui.

Uzi ninaoupenda kuliko zote ni ule uliokwisha kuvaliwa. Kuna namna mbili. Ya kwanza ni fulana za mitumba zinazokatwa mzunguko, utepe mmoja mrefu wa sentimita mbili au tatu kutoka chini hadi kwapani, kisha ukivuta utepe unajikunja wenyewe na kuwa kamba nene. Fulana isiyo na mshono ubavuni inatoa kamba safi. Kamba hiyo inafaa mazulia, vikapu na mikoba mizito. Hakikisha tu lebo ya fulana ilisomeka pamba, maana fulana nyingi za michezo ni poliesta.

Ya pili ni sweta za mitumba zinazofumuliwa. Fundi mzuri hageuzi sweta kutazama rangi. Anageuza kutazama mshono wa ubavuni. Kama vipande viliunganishwa kwa uzi mmoja unaopita kama mnyororo, sweta itafumuka kutoka shingoni mpaka kiunoni bila kukatika. Kama ukingo ulikatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, yaani mshono wa mashine unaozungushia ukingo usichanike, utapata vipande vifupi vifupi tu, kila mstari na kipande chake. Uzi uliofumuliwa hutoka ukiwa na mikunjomikunjo. Unazungushwa kwenye mgongo wa kiti, unafungwa sehemu tatu au nne, unalowekwa kisha unaning'inizwa ukauke na kunyooka. Mfumaji akikueleza hayo yote bila kusitasita, jua ni kweli anafanya.

Hatua ya 3: Choma kipande

Lebo za uzi zinapotea, na muuzaji naye huenda alidanganywa dukani. Moto haumpendelei mtu. Omba kipande cha uzi uleule, urefu wa kidole. Ukishike kwa kibano juu ya kisahani chenye mchanga, mahali pasipo na upepo, mbali na watoto, petroli na kitambaa chenyewe. Washa kiberiti.

Pamba inawaka haraka kwa mwali wa njano, inanuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ni ya kijivu, laini, yanapeperuka ukipuliza. Sufu ya kondoo inawaka kwa kusuasua, inanuka nywele zilizoungua, na inaacha kidonge cheusi kinachosagika kwa vidole. Akriliki inayeyuka huku ikiwaka, inatoa moshi mweusi, na ikipoa inabaki tone gumu lisilovunjika. Usiliguse likiwa la moto, linang'ang'ania ngozi. Ukikuta majivu laini yenye vitonge vigumu ndani, huo ni uzi wa mchanganyiko.

Viskosi inaungua kama pamba, kwa hiyo hapo moto hautakusaidia. Itabidi uulize.

Hatua ya 4: Geuza kitu ndani nje

Uzuri wa mbele kila mtu anauona. Wewe anza na upande wa nyuma. Tafuta mahali uzi ulipoanzia na ulipoishia. Ncha inatakiwa iwe imepitishwa ndani ya vitanzi, ikaenda, ikarudi, ukubwa wa kidole hivi. Ukiona fundo limekatwa karibu na mzizi, kitu hicho kitafumuka baada ya kufuliwa mara chache.

Kama ni mkoba, tia ngumi ndani usukume kitako. Matundu yakifunguka mpaka sarafu ipite, vitu vidogo vitakudondokea njiani. Mpini ndio unaoumia zaidi. Uwe umefumwa kwa vitanzi vifupi vilivyobana, maana vitanzi virefu vinavutika, na pamba ikibebeshwa uzito inarefuka mpaka mkoba unakugonga magotini. Mwombe muuzaji kilo mbili za mchele au sukari, weka ndani, uning'inize mkoba kwa dakika chache na utazame mpini umeshuka kiasi gani. Hakuna mfumaji anayejiamini atakayekunyima hilo.

Kisha lowesha kitambaa cheupe, sugua mahali penye rangi kali. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, itahamia pia kwenye nguo zako na kwenye maji ya kufulia.

Hatua ya 5: Ongea na aliyefuma, kisha lipa sawasawa

Soko la Mwanga mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Mama, mkoba huu umeufuma mwenyewe?"

"Huu amefuma mdogo wangu, yuko Kasulu. Mimi wangu ni huu mwekundu."

Jibu la namna hiyo linanifurahisha, kwa sababu anajua kila kazi imetoka kwa nani. Endelea: uzi ulinunuliwa wapi, kipande cha kuchoma kipo, mkoba ulichukua muda gani, ukichanika mnatengeneza? Swali la mwisho ndilo zito. Mfumaji anayekubali kutengeneza kazi yake huifuma kwa uangalifu tangu mwanzo.

Sasa bei. Piga hesabu mbele yake, bila aibu. Tuseme uzi umegharimu shilingi 9,000 na kazi imechukua saa 12. Ukimlipa 15,000, zimebaki 6,000, yaani shilingi 500 kwa saa, na hapo nauli hajaitoa. Huo si uungwana. Na bei hiyo inarudi kwenye mazingira moja kwa moja: mfumaji aliyebanwa atanunua akriliki ya bei ya chini kabisa, atachukua sindano nene ili amalize haraka, vitanzi vitalegea, na kitu kitakufa mapema. Ukitaka kupunguziwa, omba kitu kidogo zaidi au chenye mtindo rahisi. Saa zake usizipunguze.

Hatua ya 6: Ukiagiza ukiwa mbali

Aliye Tabora au Urambo anaweza kuagiza kwa simu. Omba picha tatu: mbele, nyuma, na kitu kikiwa kimebebeshwa uzito. Omba video fupi ya kipande cha uzi kikichomwa. Vitu viwili vya rangi moja viagize kwa pamoja, kwa sababu donge la uzi lililotiwa rangi safari nyingine laweza kutofautiana rangi hata kama jina ni lilelile. Mwambie asifunge kwa nailoni; gazeti au kipande cha kanga chakavu kinatosha ndani ya boksi, na mzigo upande basi au treni.

Hatua ya 7: Kitunze

Fua kwa beseni, maji baridi, sabuni ya kipande kidogo. Usifulie ziwani, na maji machafu yamwage kwenye udongo mbali na mtaro. Usikamue kwa kunyonga. Bonyeza ndani ya taulo, kisha tandaza kivulini. Ukianika kwenye kamba kingali kimelowa, kinarefuka.

Siku ya kununua omba mita mbili au tatu za uzi uleule, uziweke ndani ya mkoba. Tundu likitokea, pitisha uzi kwenye vitanzi vilivyo wazi siku hiyohiyo kabla hakijaendelea kufumuka, au kirudishe kwa aliyekifuma. Mkoba wa pamba uliochoka kabisa ukatwe vitambaa vya kufutia, na mabaki yake yakatwe vipande vidogo yachanganywe kwenye mboji. Wa akriliki usiuchome wala kuuzika. Ufumue, uzi wake ujaze mto.