Insha ya kitaaluma: tafuta jibu kwanza, utangulizi baadaye

Insha nyingi ninazosahihisha zina taarifa za kutosha. Kinachokosekana ni jibu. Mwanafunzi amesoma, ameandika kurasa tano, na bado sijui msimamo wake ni upi. Fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Chambua swali. Pigia mstari neno la agizo. "Eleza" si sawa na "linganisha", na "kwa kiasi gani" linakutaka upime. Tuchukue mfano huu: *Mauaji ya Sarajevo yalichangia kwa kiasi gani kuzuka kwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia?* (Yaani kuuawa kwa Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha dola ya Austria-Hungaria, mjini Sarajevo.) Anayesimulia maisha ya askari kwenye mahandaki hajajibu, hata kama kaandika vizuri.

Hatua ya 2: Soma huku ukinukuu. Kila unachokidondoa kiandikie papo hapo mwandishi, mwaka na ukurasa. Maneno uliyoyachukua kama yalivyo yafunge kwa alama za kunukuu, la sivyo baada ya wiki utadhani ni yako, na huo ndio wizi wa kitaaluma.

Hatua ya 3: Andika jibu kwa sentensi moja. Hapa usiharakishe. "Mauaji ya Sarajevo yalikuwa na athari kubwa" si hoja, nani atakubishia? Jaribu hivi: "Mauaji yalitoa kisingizio, lakini mapatano ya kijeshi na mipango ya vita iliyokwisha andaliwa ndiyo iliyogeuza ugomvi wa nchi mbili kuwa vita vya bara zima." Hiyo inabishika, kwa hiyo inahitaji kutetewa, na utetezi wake ndio insha yenyewe.

Hatua ya 4: Panga aya. Andika sentensi ya kwanza tu ya kila aya, kisha zisome zikifuatana. Zikisomeka kama hoja inayosonga mbele, mpango umekaa. Ukiweza kubadilisha aya ya pili na ya nne bila kuharibu kitu, umeandika orodha. Hoja pinzani nayo ipe aya yake: bila mauaji yale, Austria-Hungaria ingeishambulia Serbia kwa sababu gani?

Hatua ya 5: Jenga kila aya. Dai, ushahidi, kisha ufafanuzi. Wengi huishia kwenye ushahidi: "Franz Ferdinand aliuawa tarehe 28 Juni 1914. Austria-Hungaria ilitangaza vita dhidi ya Serbia tarehe 28 Julai." Sawa, lakini tarehe hizo zinathibitisha nini? Ongeza: "Mwezi mzima ulipita kati ya matukio hayo, muda uliotosha kwa diplomasia. Kufikia tarehe 4 Agosti, Ujerumani, Urusi, Ufaransa na Uingereza zote zilikuwa vitani. Kasi hiyo haielezwi na risasi za Sarajevo peke yake." Alama zinapatikana kwenye sentensi hizo za nyongeza.

Hatua ya 6: Utangulizi na hitimisho. Viandike mwishoni. Utangulizi utaje suala na msimamo wako, basi; "tangu enzi na enzi binadamu amepigana" futa. Hitimisho lisilete ushahidi mpya.

Hatua ya 7: Hariri. Iache insha ilale usiku mmoja ukipata nafasi, kisha isome kwa sauti. Panapokuishia pumzi kabla ya nukta, kata sentensi. Mwisho, hakikisha kila chanzo ulichokitaja ndani kimo kwenye orodha ya marejeo.